Mkono wa Ufunguo

Mara ya kwanza kuonana na yule fundi aliyeitwa Mkunga, alinifukuza. Hakunitukana. Aliweka tu kiganja juu ya injini ya lori langu, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria jikoni, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

"Hili limekwisha amka," alisema. "Mimi natibu yaliyolala."

Nilikuwa nimekwenda pale na maneno yangu tayari mdomoni. Mimi ni mwanamke wa biashara ya maziwa. Nilianza na ndoo kichwani, na kila nilicho nacho leo nimekipata kwa kubishana. Nawajua mafundi: huanza juu ili ukiwashusha uone umeshinda. Nilijiandaa kwa fundi wa namna hiyo, si kwa fundi asiyetaka kazi.

Dereva wangu akaingilia. Huyu tunamwita Redio, kwa sababu hajapatikana wa kumzima.

"Fundi, tumetoka mbali! Asubuhi halikuwaka hata kidogo. Tumelisukuma mpaka viuno vikalia."

"Na sasa?"

"Sasa linanguruma kama simba."

"Basi mrudishe simba wako nyumbani."

"Fundi," nikasema, "ugonjwa upo. Kukiwa na jua linawaka vizuri. Kukiwa na baridi linakataa. Nimekuja ulitazame."

Akanigeukia mimi sasa, maana alishajua nani mwenye mali. "Tajiri, ukimpeleka mgonjwa kwa daktari, unamwogesha kwanza, unampaka mafuta, unamwambia acheke? Madereva wote ndivyo wanavyonifanyia. Hakuna anayekubali kuingia hapa akivutwa kwa kamba, eti aibu. Atalisukuma, atalimwagia maji ya moto, atawasha moto chini ya injini, mradi lifike hapa likinguruma. Likifika, ugonjwa umejificha. Nitibu nini? Aibu ya dereva?"

Redio akatazama viatu vyake. Moto chini ya injini alikuwa ameuwasha asubuhi ile ile, kwa matambara yangu.

Sharti la Mkunga lilikuwa moja. Lori liletwe mchana, lizimwe, lilale uani kwake mpaka baridi iliingie hadi mifupani, na asiliguse mtu hadi yeye mwenyewe alisikie sauti yake ya kwanza alfajiri. Ndiyo sababu waliita kazi yake ukunga: alikuwa akiketi kando ya vitu vizito gizani, akingoja vilie.

"Na kulala hapa ni bei gani?" nikauliza.

"Kulala ni bure. Kuamka ndiko kuna bei."

Nikacheka, na mimi sichekeshwi ovyo na mtu ninayepatana naye bei.

Nilimwachia lori kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Msimu wa baridi ndio ulikuwa umebisha hodi. Maziwa ya wafugaji wa kwetu nayachukua mimi, nayapeleka kiwandani, na kiwandani kuna bwana wa mapokezi asiyejua habari za baridi. Alikuwa ameshaniambia mara moja kwamba yakichelewa yanaanza kuchacha, na kwamba yuko mtu mwingine mwenye malori mapya anayebisha mlangoni kila siku akitaka nafasi yangu. Nikipoteza kiwanda, nimepoteza wafugaji. Nikipoteza wafugaji, nimerudi kwenye ndoo.

Mimi nikiingia mahali huwa nathamini vitu, ni mazoea. Ua wa Mkunga ulikuwa na ukuta wa mabati, ardhi nyeusi iliyokunywa mafuta mpaka ikashiba, na chumba kimoja nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Sahani moja, kikombe kimoja, jiko dogo, msumari mmoja wa kutundikia koti. Kila kitu kilikuwa cha mtu mmoja isipokuwa kitanda. Kitanda kilikuwa kipana, na upande mmoja umepangwa vipuri vilivyofungwa kwenye magazeti, vimelala sawasawa kama watoto.

Njiani Redio akanisimulia yote, kama ilivyo desturi yake.

"Zamani alikuwa na mkewe, bosi. Yule mama ndiye aliyekuwa akikaa ndani ya lori. Fundi yuko chini, mama yuko juu na sweta anayoifuma. Fundi akisema 'haya,' mama anazungusha ufunguo. Akisema 'basi,' anaachia. Walikuwa hawagombani hata siku moja, maana maneno yao yalikuwa hayo mawili tu. Mafundi wengine walikuwa wakimwazima: 'Mama, njoo na mkono wako wa ufunguo.'"

"Yuko wapi?"

"Amefariki. Kifua. Msimu kama huu. Tangu siku hiyo fundi hamruhusu mtu kukaa kwenye ile siti. Ametengeneza waya mrefu, mwisho wake kitufe cha kengele ya mlango. Anauunga kwenye stata inayozungusha injini, anakaa popote anapotaka, anabonyeza. Anafanya peke yake."

Nikaona ni ubunifu mzuri. Mshahara wa mtu mmoja umeokolewa. Ndivyo nilivyofikiri, na sioni haya kusema.

Siku ya pili niliazima gari la jirani kupeleka maziwa, kisha nikaenda uani kwa Mkunga. Alikuwa amekwisha maliza kazi.

"Hita moja ilikuwa imekufa," akasema, akinionyesha kijiti cheusi cha chuma. "Hizi ndizo zinazopasha moto ndani kabla dizeli haijaanza kuwaka. Nyingine zilikuwa zinachechemea. Nimebadilisha zote, nimesafisha na vichwa vya betri. Alfajiri liligoma kidogo, halafu likakubali. Sasa halitagoma."

Tukapatana bei. Nilimshusha, akakubali upesi mno. Mtu anayekubali upesi ama amechoka ama anataka uondoke. Sikujua yeye ni yupi.

Lori likawa jema kwa siku chache, na siku hizo zilikuwa na jua. Kisha ukungu ukashuka kwelikweli, ule wa kulowesha nguo kwenye kamba, na alfajiri Redio akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka vizuri, betri ilikuwa na nguvu, lakini injini haikushika. Akazungusha tena. Akakanyaga mafuta kama anayeua nyoka. Wapi. Tukaita majirani, tukalisukuma mbele kidogo kuukwepa mlango wa stoo, kisha tukaliteremsha kinyumenyume mpaka barabarani, likawaka likitoa moshi mweupe kama jiko lenye kuni mbichi. Kiwandani tulifika jua limeshapanda.

Bwana wa mapokezi akafungua kifuniko, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mama, wewe ni mtu mwema. Ila maziwa hayajui wema. Ukichelewa tena, usishushe. Geuza gari tu."

Nilikwenda kwa Mkunga nikiwa na ulimi umenolewa pande zote mbili. Nilisema yote. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa ng'ambo ya njia alizima mashine yake ili asikie vizuri. Mkunga aliendelea kupangusa spana mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kwangu liliwaka," akasema mwishowe.

"Kwako halibebi maziwa."

"Kwako linalala vipi?"

"Linalala kama malori yote," Redio akadakia. "Kwenye matairi."

Yule wa kuchomelea akacheka. Mkunga hakucheka. "Pua yake inatazama wapi?"

Redio akanyanyua mkono, vidole vikielekea mbinguni. Kiwanja changu kina mteremko, na stoo ya maziwa iko chini. Ili kupakia makopo, lori hugeuzwa mgongo kwenye mlango wa stoo, na pua hubaki juu usiku kucha. Hakuna aliyewahi kuniuliza lori langu linalala likitazama wapi. Wala mimi sikuwahi kujiuliza.

Mkunga akatazama ardhi ya ua wake, ambayo ni tambarare kama meza. Niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa amepata kosa moja, akaacha kutafuta la pili.

"Basi njoo ulisikilize kwangu," nikasema.

"Mimi siendi kwa watu."

"Nitakupa chumba."

"Siendi, tajiri. Lete hapa, nitaliinua pua kwa jeki."

"Jeki haiwezi kuuiga mteremko wangu na ukungu wangu. Njoo."

"Nani atalinda huku?"

"Nitaleta mlinzi."

Akatikisa kichwa. Nikaona pesa hazitamsogeza, wala huruma, ambayo hata hivyo sikuwa nayo nyingi siku hiyo. Basi nikatumia kitu kingine. Nikasema kwa sauti ya kumfikia yule wa kuchomelea: "Haya. Nitampelekea yule kijana wa stendi mwenye kompyuta. Akiupata ugonjwa, watu watasema Mkunga alishindwa kuzalisha, mimba ikahamishwa."

Kule ng'ambo kicheko kikapasuka. "Eh, Mkunga! Umepigwa hapo!"

Mkunga akasimama, akachukua boksi lake la spana. "Kaniwekee lori linavyolala siku zote," akaniambia. "Na dereva wako asiwashe moto."

Akaja kabla giza halijaingia. Alikuwa na boksi lake, blanketi, na ule waya umeviringwa begani. Nilimwonyesha chumba cha wageni. Akasema atalala ndani ya lori. Nilimwita mezani, akaja, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Meza yangu ni ya watu wengi. Niliinunua wakati watoto wangu bado wako nyumbani. Tulikaa sisi wawili tu, kila mmoja mwisho wake, na chumvi ilibidi isukumwe.

"Nyumba kubwa," akasema.

"Niliijenga kwa maziwa."

"Na wenyewe?"

"Watoto wana nyumba zao. Hupiga simu."

Akatafuna polepole. "Nami ninaye binti. Kila wiki ananiambia, baba funga huko, njoo ukae na wajukuu. Namwambia nina kazi."

"Kazi ipo kweli?"

"Yapo malori yanayolala," akasema. Kisha, kama mtu aliyeona jibu lake halikutosha: "Nyumbani kwake kuna kelele. Mimi nimezoea kusikia kitu kimoja kwa wakati mmoja."

Sikumwuliza zaidi. Alipomaliza aliosha sahani yake mwenyewe, akaikausha, akaangalia huku na huku asijue aiweke wapi kati ya sahani zote zile.

Alfajiri nilimkuta amesimama mbele ya lori, boneti imefunguliwa, pumzi yake inatoka kama moshi. Alikuwa amekata mpira wa dizeli karibu na pampu, akaunga hapo kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, ili aone kinachopita. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kila kitu. Mkononi alikuwa na kile kitufe cha kengele, anakigeuzageuza.

"Kuna tatizo?" nikauliza.

"Nahitaji kuwa mbele na nyuma." Alisema hivyo akiwa haangalii mtu. "Mbele nitazame dizeli. Nyuma nitazame moshi unavyotoka mara ya kwanza tu, kabla halijashtuka. Mara ya kwanza ni moja. Ikipita, imepita mpaka kesho."

"Kule kwako ulitazama wapi?"

"Mbele." Akakitazama kitufe. "Moshi sikuuona. Waya wangu haufiki na macho."

Redio alikuwa amefika, anapiga makofi kufukuza baridi. "Mimi nipo, fundi! Nipe ufunguo."

"Wewe unaogopa," Mkunga akamwambia. "Mwenye hofu huzungusha kabla hajaambiwa, na hukanyaga mafuta. Wewe kasimame nyuma, tazama bomba la moshi, na ufunge mdomo mpaka nikuulize. Mimi mikono yote miwili itakuwa kwenye bomba na tochi, kitufe hakina nafasi. Tajiri, panda juu."

"Mimi?"

"Umewahi kungoja mtu ashushe bei?"

"Maisha yangu yote."

"Basi unajua kungoja. Usikanyage chochote. Nikisema haya, zungusha. Nikisema basi, achia."

Nikapanda. Siti ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kioo kilikuwa kimefunikwa na umande, na boneti iliyoinuliwa ikaziba kilichobaki. Sikuona mtu wala mti. Nilikuwa na ufunguo tu, na sauti ya mtu mbele ya chuma. Nilingoja. Nilisikia akikohoa, akigusa kitu, akitulia. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alihitaji nisifanye neno lolote mpaka aniambie.

"Haya."

Nikazungusha. Stata ikalia.

"Basi. Dereva! Moshi?"

"Hakuna, fundi! Hata wa sigara!"

"Una hakika?"

"Pakavu kabisa!"

Nikasikia akigonga bomba la plastiki kwa kidole. Kisha sauti yake ikaja, na ilikuwa imechangamka. "Kama ingekuwa hita, moshi mweupe ungetoka: dizeli imefika, imekosa joto. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haijafika. Haya, tena."

Nikazungusha.

"Ipo! Naiona! Mapovu! Linavuta upepo! Endelea... endelea... Basi, mama watoto, basi!"

Nikaachia. Hata Redio, ambaye angeweza kulifanyia mzaha jeneza, alikaa kimya huko nyuma.

Sikushuka. Nilikaa na mkono kwenye ufunguo, nikatazama mbele kwenye umande kana kwamba sikusikia. Nimekaa na wauzaji wengi waliotaja bei ambayo hawakukusudia kuitaja. Najua namna ya kumpa mtu nafasi ya kurudi. Baada ya muda nikasema, kwa sauti ya kawaida, "Nizungushe tena, fundi, au bado?"

"Bado," akasema. Sauti ilikuwa ya chini. "Ngoja kwanza."

Akalala chini ya lori na tochi, akaufuata mpira wa dizeli kutoka kwenye pampu hadi kwenye tangi. Huko nyuma, mahali ambapo mpira unaingia kwenye bomba la chuma, akaupata ugonjwa. Mpira ulikuwa mzee. Kukiwa na joto ulilegea ukabana. Kukiwa na baridi ulikakamaa ukaacha mwanya usioonekana kwa macho. Upepo ukaingia hapo usiku, na kwa vile pua ya lori ilikuwa juu, dizeli yote iliyokuwa mbele ikarudi tangini taratibu. Asubuhi stata ilizungusha injini iliyo tupu. Uani kwake, mahali tambarare, dizeli ilibaki karibu. Ndiyo maana kule liligoma kidogo tu na kukubali.

Alikata mpira, akafunga mpya, akakaza vibano, akatoa upepo kwa mkono kwenye pampu mpaka mapovu yakaisha. Nikazungusha. Likashika mara moja. Redio akapiga kelele kama aliyepata mtoto wa kiume. Tulipakia makopo, akaondoka na ukungu, na bwana wa mapokezi siku hiyo hakupata la kusema. Hajapata tena. Msimu wote wa baridi lori langu limefika kabla ya lango kufunguliwa, na yule mwenye malori mapya amekwenda kubisha kwingine.

Asubuhi ile Redio alipoondoka, Mkunga alikuwa anaosha mikono kwenye bomba la uani. Nikamfuata na pendekezo langu. Nilikuwa nimelifikiria nikiwa bado ndani ya lori, maana akili yangu haikai bure.

"Fundi, nataka kununua lori la pili. Njoo ukae hapa. Chumba kipo, chakula kipo, malori yatakuwa yako ya kutunza. Ukihitaji mtu wa ufunguo, mimi nipo alfajiri, silali."

Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Mkunga hahamii kwa mzazi, tajiri."

"Nakupa zaidi ya unachopata kule."

"Najua. Wewe si mtu wa kudanganya bei." Akatundika kitambaa kwenye bomba. "Nilikudanganya mimi. Nilikuuzia hita ukaenda nazo nyumbani kama dawa."

"Hita moja ilikuwa imekufa kweli."

"Imekufa, lakini haikuwa yenyewe. Ningekuwa na mtu nyuma, ningejua siku ile ile. Miaka yote hii najiambia waya unatosha." Akachukua boksi lake. "Kazi hii ni ya watu wawili."

Nilidhani anapandisha bei. Nikamwambia afikirie, nikampa malipo yake, na safari hii sikumshusha. Akayapokea bila kuhesabu, akateremka njia ya kutokea, boksi mkono mmoja, waya begani. Akaniaga kwa kuinua kidevu tu.

Nilimpa muda, kama inavyotakiwa. Kisha nikapita kwake kusikia jibu. Lango la mabati lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Yule wa kuchomelea akainua kofia yake ya kioo.

"Umechelewa, mama. Binti yake alikuja na gari la mizigo. Ameuza spana, ameuza na kitanda. Mimi nimenunua jeki."

"Aliacha neno?"

"Kwa nani?" akasema, akashusha kofia, cheche zikaanza tena.

Basi hesabu ndiyo hiyo. Mimi nilipata lori linalowaka, kiwanda kikabaki, wafugaji wakabaki. Nilipoteza fundi ambaye sijamwona mfano wake, na nilimpoteza kwa mkono wangu: mimi ndiye niliyemchokoza mbele ya watu mpaka akatoka uani kwake kuja kuona asichokuwa anataka kukiona. Yeye alipoteza ua wake. Kama amepata kitu katika kelele za wajukuu, sijui. Sina namba ya binti yake, na sikuiomba.

Lori la pili sijalinunua. Alfajiri naamka saa ile ile, ingawa sina kazi ya kuamkia. Zamani saa hiyo uwanja ulikuwa umejaa majirani wanaosukuma, wanaotukana baridi, wanaodai chai. Sasa Redio anafika, anazungusha mara moja, linawaka, anaondoka. Sauti inateremka mpaka barabarani, inapinda kona. Mimi nasimama mlangoni mpaka isisikike, kisha naingia kuweka maji ya mtu mmoja jikoni.